Njia ya Baiskeli, Meza ya Machungwa
Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ina kitu ambacho barabara nyingi za Afrika Mashariki hazina: njia ya baiskeli, iliyojengwa pamoja na ile ya mabasi yaendayo haraka, mradi ulioanza kubeba abiria mwaka 2016. Miaka miwili baadaye jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018. Ila muuza mikate anayeifuata njia hiyo alfajiri hukuta bodaboda zikisubiri abiria, meza ya machungwa, na gari lililoegeshwa kana kwamba pale ni uani kwa mwenyewe. Inambidi achepuke arudi barabarani, katikati ya daladala na lori, na hapo ndipo roho inapokuwa mkononi. Dereva wa lori, kwa jinsi kiti chake kilivyo juu, anaweza asimwone kabisa mtu aliye ubavuni kwake. Na lori likikata kona kushoto, matairi ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Mwendesha baiskeli mzoefu hajipenyezi pale hata taa iwe nyekundu. Husubiri nyuma, mahali anapoonekana kwenye kioo. Akipita magari yaliyosimama, huacha nafasi ya upana wa mlango, maana anayeshuka kwa haraka hageuki kutazama. Usiku hutegemea taa ya dainamo, ile inayofifia pale pale anapopunguza mwendo, yaani penye makutano. Kiakisi mwanga chekundu cha nyuma hakina tabia hiyo, mradi kifutwe vumbi.