Keki ya Maziwa ya Kuku kwa Noeli, hata Umeme Ukikatika



Mwezi wa 12 umefika katikati. Mvua inanyesha karibu kila siku, maembe yamejaa sokoni, na kila nyumba inajiuliza: siku ya Noeli tutawawekea watoto na wageni nini mezani? Wengi wenu mmetuomba tuandike juu ya keki, na juma hili ukurasa wetu wa jiko ni wa keki. Lakini kwanza tuseme ukweli juu ya keki yetu ya mwaka jana, maana wengi mlipata hasara pamoja nasi.

Mwaka jana tulikuwa wamama 12 ndani ya likelemba ya Noeli. Kila mmoja alileta mayai matatu, na franka za unga, sukari na Blue Band. Tukavunja mayai yote 36 ndani ya beseni moja, tukagawa katika vyombo sita, tukavitia pamoja ndani ya furu moja ya umeme tuliyoazima. Nusu saa haikutimia, umeme ukakatika. Tulingoja. Tulifungua mlango wa furu, tukafunga, tukafungua tena. Umeme uliporudi usiku, keki zilikuwa zimeshuka katikati, ndani zimelowa kama bukari isiyoiva. Watoto walikuwa wamekwisha kulala.

Mama mmoja alisema polepole: “Mayai yangu matatu. Nyumbani niliwaambia watoto wavumilie.” Hatukuwa na neno la kumjibu. Mwezi wa kwanza, wamama wawili hawakurudi kwenye likelemba. Hatuwalaumu. Mama anayempunguzia mtoto wake chakula ili alete fungu kwa wenzake ametoa kitu kikubwa, na sisi tulikichezea.

Tena tunakaa hapa Nzilo, mahali Wabeljiki walipofunga mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili maji yatoe umeme kwa ajili ya migodi ya shaba. Ziwa tunaliona, nyaya tunaziona zinapita juu ya vichwa vyetu. Lakini keki haiivi kwa kutazama nyaya. Mwaka huu tuliamua mambo mawili: hatutatia tena mayai ya watu wote katika moto mmoja, na tutaoka kwa makala.

Keki tuliyoichagua ina ladha ya kinywaji ambacho Wazungu wanakunywa wakati wa Noeli, kwao kukiwa na baridi kali. Ni maziwa ya moto, viini vya mayai, sukari na kungumanga, ile wengi hapa wanayoiita muskade. Kwa Kifaransa kinaitwa lait de poule, ndiyo kusema maziwa ya kuku. Tulipotaja jina hilo katika mkutano, wamama walicheka sana, na mmoja akauliza kuku huyo anakamuliwa wapi. Wengine wanatia pombe ndani yake. Sisi hatutii, kwa sababu keki hii ni ya watoto, na makanisa yetu mengi hayapendi pombe. Vanila inatosha.

Vitu vya keki moja, vipande 12 hadi 16. Tumia kikombe kimoja tu kupima vyote, kikombe cha mililita 250:

Unga wa ngano, vikombe 3.
Sukari, kikombe 1 na robo.
Blue Band, gramu 150. Ukikosa, mafuta ya kupikia robo tatu ya kikombe.
Mayai 4.
Maji kikombe 1, na maziwa ya unga vijiko vikubwa 5.
Leviri ya keki, vijiko vya chai 3.
Kungumanga iliyokunwa, kijiko cha chai 1.
Vanila pakiti 1, na chumvi kidogo.

Angalieni sana leviri. Sokoni kuna mbili, na zote mbili zinaitwa leviri. Ya mkate inafanana na punje ndogo za mchanga, na inataka muda mrefu ili iumuke. Ya keki ni unga mweupe laini. Ukikosea, keki itakuwa nzito kama tofali. Mayai nayo yajaribuni ndani ya maji: linaloelea juu limezeeka, liacheni. Kisha kila yai livunjwe peke yake katika kikombe kabla ya kuingia ndani ya beseni, ili moja bovu lisiharibu mengine.

Tunaanza na maziwa ya kuku. Koroga maziwa ya unga ndani ya maji, yapashe moto mpaka yatoe mvuke, lakini yasichemke. Tenga viini viwili vya mayai, vipige pamoja na vijiko viwili vya ile sukari uliyopima. Mimina maziwa ya moto juu ya viini, kidogo kidogo, huku unakoroga bila kuacha. Ukimimina yote mara moja utapata mayai ya kukaanga. Rudisha kwenye moto mdogo, endelea kukoroga mpaka yawe mazito kidogo na yashike mgongo wa kijiko. Toa, tia kungumanga na vanila, acha yapoe. Hatuwapi watoto mayai mabichi, na kwa njia hii viini vimekwisha kuiva hata kabla ya keki kuingia motoni.

Sasa piga Blue Band na sukari iliyobaki mpaka viwe vyeupe na vyepesi. Mkono wa mama mmoja unachoka, kwa hiyo pokezaneni. Ongeza mayai mawili mazima, moja baada ya lingine. Changanya unga, leviri na chumvi pembeni. Tia unga kidogo, maziwa ya kuku kidogo, unga, maziwa, mpaka viishe. Usipige sana wakati huu, keki itakuwa ngumu. Mwisho, ute mweupe wa yale mayai mawili uliotenga, upige mpaka uwe povu, uingize polepole kwa kijiko kikubwa. Paka chombo cha keki mafuta, nyunyiza unga, mimina. Kisijae kupita theluthi mbili.

Moto wa makala. Chukua sufuria kubwa yenye mfuniko wa chuma, panga ndani mawe matatu bapa, safi na makavu. Ifunike juu ya mbabula kwa dakika 15 ili ipate moto. Weka chombo cha keki juu ya mawe, funika vizuri. Kisha punguza makala chini, uweke mengine juu ya mfuniko. Kumbukeni hivi: chini machache, juu mengi. Keki nyingi za makala zinaungua kwa sababu mama anaogopa kupunguza moto wa chini. Usifunue kabla ya dakika 35. Inachukua karibu saa moja. Choma katikati kwa ncha ya kisu. Kikitoka kikavu, imeiva.

Wengine wanatia mchanga ndani ya sufuria mahali pa mawe. Si vibaya, lakini mchanga huo umetoka wapi? Hapa kwetu Lualaba si kila mchanga ni mchanga tu. Usichukue kamwe ule wa karibu na migodi, wala wa mahali wanapooshea mawe ya shaba na kobalti, wala wa kando ya mito inayopokea maji ya migodi. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubeljiji, walitangaza waliyoyaona Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao: vumbi la nyumba lilikuwa na metali nyingi, na waliopimwa kobalti nyingi zaidi mwilini walikuwa watoto. Tusilete vumbi la namna hiyo ndani ya chungu cha Noeli. Mawe safi yanatosha.

Na neno moja ambalo hatutachoka kulirudia: mbabula isiingie ndani ya nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha namna gani. Hewa ya makala haina harufu kali ya kukuonya, na inaua watu usingizini. Okeni chini ya baraza au chini ya bati lililo wazi pande zote. Watoto wakae mbali na mfuniko wenye makala.

Mkiwa kikundi, fanyeni kama tulivyofanya sisi mwaka huu. Tulijigawa watatu watatu, kila kikundi na mbabula yake, mayai yake na siku yake. Moto mmoja ukishindwa, wengine wanakula na kugawa. Tena tulikubaliana kwamba hakuna mama anayelazimishwa kuleta mayai. Mwenye makala alete makala, mwenye nguvu za mkono aje apige Blue Band. Keki si lazima kwa Noeli. Mtoto aliyeshiba bukari na samaki wa ziwa amefurahi Noeli yake.

Jumamosi iliyopita tulijaribu keki ya kwanza. Ilipanda, ikatoka rangi ya dhahabu, na harufu ya kungumanga ikaleta watoto wa mtaa mzima. Kabla hatujaigawa tulikata vipande viwili vikubwa, tukafunga pamoja na mayai sita, matatu kwa kila mmoja wa wale wamama wawili walioacha likelemba. Tulikwenda wenyewe, hatukutuma mtoto. Mmoja hatukumkuta, tukaliacha fungu lake kwa mkwe wake. Mwingine alipokea, akaonja, akanyamaza. Tulidhani mambo yamekwisha hivyo. Kisha akauliza: “Makala ya juu mliweka kiasi gani?”

Tulimwambia aje Alhamisi aone mwenyewe. Nanyi mnaotaka kujifunza, njoni Alhamisi saa nane, kila mtu na kikombe chake cha kupimia. Juma lijalo tutazungumza juu ya samaki wa Bonana. Noeli njema kwenu na kwa nyumba zenu.