Msiviite Vita vya Kikabila

Mwenzetu mmoja alitusomea insha yake darasani: Sudani Kusini inaungua kwa sababu Wadinka na Wanuer wamechukiana tangu enzi za mababu. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana sikutaka kuonekana mgomvi. Leo nagomba.

Tutazame mwaka 2016 tu. Aprili 15, Rais Kiir alitia saini Dar es Salaam mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku 11 baadaye Riek Machar alirudi Juba akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Julai 8 risasi zikalia ikulu, wote wawili wakiwa ndani. Machar alikimbia kwa miguu porini hadi Kongo, na cheo chake akapewa Taban Deng Gai. Taban naye ni Mnuer! Kama ugomvi ni kabila, mbona Rais Mdinka alimpa Mnuer kiti cha Mnuer?

Na sisi Wakakwa je? Kwetu ni Koboko, Uganda. Yei, ng'ambo ya mpaka, ni kwa ndugu zetu. Tunaoana nao kila mwaka. Wakati huo nilikuwa darasa la saba. Shangazi yangu aliyeolewa Yei alifika kwetu na sufuria, mkeka na watoto wanne, wawili si wake. Si Mdinka, si Mnuer. Alifukuzwa na chuki ya mababu wa nani? Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti. Kufikia Desemba ilikuwa na watu zaidi ya 250,000, wengi wao wa Ekwatoria kama yeye.

Septemba, ripoti ya The Sentry ilieleza kwamba familia ya Kiir na familia ya Machar zina majumba Nairobi, yote Lavington. Mtaa mmoja! Huko kabila haliwazuii kuwa majirani.

Neno "kikabila" linatufaa sisi tulio jirani. Uganda yangu ilipeleka wanajeshi kumtetea Kiir tangu Desemba 2013. Jumuiya ilimpokea mwanachama kwa shangwe, na miezi mitatu baadaye mji wake mkuu ukawa uwanja wa vita. Tukisema ni kabila, hakuna wa kuulizwa, si Kampala, si Nairobi, si Arusha.

Mwenzangu akitaka kuirudia insha ile, nitamwomba aje Bidi Bidi amsomee shangazi. Bado yuko huko.