Ibada na Ufagio

Wengi katika miji yetu wasikiapo habari za yoga hufikiri viungo vinavyokunjwa na pumzi inayozuiwa, wala si ajabu, maana hiyo ndiyo sura yake inayouzwa. Lakini kwa Wahindu yoga ni njia za kumfikia Mungu, na katika njia hizo zimo mbili zinazohusu moyo wa mja kuliko maungo yake, nazo ni bhakti, yaani mapenzi na unyenyekevu kwa Mola, na karma, yaani kazi itendwayo pasipo kutamani malipo yake. Kuungana kwa njia hizi mbili kumezaa jumuiya nyingi za watawa na wafuasi, nami naona zote zapasa kupimwa kwa swali ambalo walio ndani aghalabu huona haya kuliuliza: jasho la mwenye kujitolea humfaa nani?

Swali hilo lilipata jawabu ya kweli katika nchi ya Bengal mwishoni mwa karne ya 19. Ramakrishna, kuhani wa hekalu la Dakshineswar karibu na Calcutta, mtu ambaye elimu yake ya shule ilikuwa haba na mahaba yake kwa mungu Kali hayakuwa na mpaka, alikuwa siku moja akieleza mafundisho ya kuwahurumia viumbe, mara akajikatiza, akasema kwamba mwanadamu hana daraja ya kumhurumia mwenziwe. Lililo juu yake ni kumtumikia, kwa kuwa ndani ya kila kiumbe yumo Mungu. Mwanafunzi wake Vivekananda aliyahifadhi maneno hayo, na tarehe 1 Mei 1897, baada ya kurejea kutoka Marekani na Ulaya, akaasisi jumuiya ya Ramakrishna Mission ili yapate kutendwa.

Mtihani haukukawia. Tauni ilipoingia Calcutta mwaka 1898, na watu wakaanza kuuhama mji kwa hofu, Vivekananda aliteremka kutoka milima ya Darjeeling alikokwenda kutafuta afya, akapanga msaada. Alipoulizwa fedha zitatoka wapi, alijibu kwamba, ikilazimu, kiwanja cha Belur kilichonunuliwa majuzi tu kwa ajili ya makao ya watawa kiuzwe. Mwishowe hakikuuzwa, na yuko atakayesema kwamba maneno hayana gharama. Mimi nayatukuza hata hivyo, kwani viongozi wa dini wanaowahimiza waumini wauze mali zao ni wengi, ilhali wanaothubutu kutaja kuuza mali ya nyumba ya ibada ni nadra. Mwaka uliofuata Margaret Noble, mwanamke wa Ireland ambaye Vivekananda alimpa jina la Nivedita, alisimamia usafi wa vitongoji vya mafukara, na alipokosa mfagiaji akashika ufagio yeye mwenyewe, hata vijana wa mtaa wakatahayari wakatoka kumpokea.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya Kankhal, karibu na Haridwar, ambako Kalyanananda, mtawa wa jumuiya hiyo hiyo, alianza mwaka 1901 kuwauguza watawa na maskini, akaja kusaidiwa na mtawa mwenziwe Nishchayananda. Watawa wa kale wa mahali pale, waliozoea kwamba mtu aliyeukana ulimwengu hukaa akatafakari, waliwaona hawa wawili wakiosha vidonda na kuondoa vinyesi vya wagonjwa, wakawaita matopasi, wakawatenga katika karamu zao. Nao hawakuacha kazi. Hata ndani ya jumuiya yenyewe walikuwako wacha Mungu waliodhani kwamba hospitali humshughulisha mja akamsahau Mola. Sarada Devi, mjane wa Ramakrishna, alipoizuru nyumba ya wagonjwa ya jumuiya hiyo huko Varanasi mwaka 1912 aliisifu, akatoa rupia 10, na hoja ile ikapungua nguvu.

Leo mambo yamegeuka kwa namna ambayo matopasi wa Kankhal wasingeidhania. Ziko ashramu, yaani makao ya mwalimu wa dini na wafuasi wake, za India na za nchi za Magharibi, ambazo mgeni hulipa kodi ya chumba na ada ya mafunzo, kisha akapewa sufuria za kusugua na vyoo vya kuosha, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo karma yoga yake. Sina ugomvi na sufuria. Kazi duni huvunja kiburi cha nafsi, na anayekula pamoja na wenziwe ni haki aoshe vyombo. Ugomvi wangu ni pale ambapo kazi yote yaanzia na kuishia ndani ya ua ule ule, kitanda cha mgonjwa hakimo, maskini wa kijiji cha jirani hapiti langoni ila akiwa kibarua, na faida ya mikono isiyolipwa humrudia mwalimu huyo na majengo yake. Ikhlasi ya mfuasi haina shaka, na kwa sababu hiyo hiyo dhuluma huwa kubwa zaidi, maana akilalamika huambiwa kwamba nafsi yake bado haijafa.

Basi anayefunga safari kwenda Rishikesh au penginepo kutafuta njia hii, kabla ya kuuliza saa ya nyimbo na saa ya kutafakari, aulize zahanati iko wapi, nani hutibiwa humo, na daftari la fedha husomwa na nani.