Kifaa Hulia, Mkubwa Asikie

Ajali za barabarani ni msiba usiokoma. Katika taarifa yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hupoteza maisha kila mwaka kwa ajali hizo, na kwamba hakuna kinachoua zaidi yake miongoni mwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Hapa nchini, hata kabla LATRA haijachukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, mabasi ya mikoani yalikuwa yameanza kufungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo wao. Basi likizidisha mwendo, kifaa hulia na habari hufika kwa mdhibiti. Vipo pia vifaa vyenye kamera inayomtazama dereva na kumshtua anaposinzia au anapochezea simu. Faida yake ni dhahiri. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 3 tu, gari limekwisha kwenda mita 66 bila mwongozaji.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kifaa kikishafungwa kazi imekwisha. Mwalimu anayesahihisha madaftari kwa wino mwekundu, kisha akayafungia kabatini, hajamfundisha mwanafunzi lolote. Vivyo hivyo, mwajiri anayepokea taarifa za dereva wake wiki hadi wiki bila kumwita wakazungumza, hajamfunza udereva bora. Akingoja kumwita siku ya kumfukuza, dereva atakiona kifaa kuwa ni mpelelezi, na atatafuta njia ya kukinyamazisha.

Tena, dereva hapangi safari peke yake. Mwenye magari anayeweka ratiba isiyowezekana bila kuvunja sheria ndiye anayekanyaga mafuta, ingawa mguu ni wa mwingine.

Jambo hili linazigusa pia ofisi za umma. Ofisa anayechelewa kuondoka, kisha kutoka kiti cha nyuma akamhimiza dereva aongeze mwendo ili wawahi kikao, ameifuta kwa neno moja kazi yote ya kifaa. Dereva huyo amewekwa kati ya sauti mbili, naye anajua ni ipi yenye uwezo juu ya ajira yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kuchelewa kikaoni hakumpi ofisa yeyote ruhusa ya kukivuka, na mtoto wa shule anayevuka barabara hajui ajenda za kikao hicho.

Hivyo basi, kila idara na kila kampuni yenye magari haina budi kumteua mtu wa kuzisoma taarifa za vifaa hivyo na kuzungumza na madereva kwa staha: anayekosea aelekezwe, anayefanya vema asifiwe. Ratiba zipimwe upya. Na pale ilipothibitika kwamba mwendo uliamriwa na mkubwa, aulizwe mkubwa huyo kabla ya dereva. Bila hayo, fedha zilizotumika zitakuwa zimenunua kelele tu.