Miswada ya kale: Picha pekee hazitoshi

Mwanafunzi anayetaka kuziona kwa macho yake karatasi zilizohifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, hana budi kuzitafuta London. Zimo katika chuo cha SOAS, kwenye mkusanyiko wa mmishenari W. E. Taylor, aliyesaidiwa na Mwalimu Sikujua wa papo hapo Mombasa. Chuo hicho kimeorodhesha hazina yake ya miswada ya Kiswahili na kuweka picha za sehemu yake katika mtandao. Aidha, miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Taifa ya Uingereza, nayo asili ikabaki Lamu.

Hatua hizo zastahili shukrani. Hata hivyo, tusidhani kwamba kazi imekwisha.

Mnamo Oktoba 2023, wahalifu wa mtandao waliivamia mitambo ya maktaba hiyohiyo ya Uingereza. Huduma zake zilivurugika, na picha za miswada mingi hazikuonekana kwa miezi mingi. Ikiwa taasisi tajiri kiasi hicho yaweza kufikwa na masaibu kama hayo, sembuse tarakilishi moja katika ofisi moja ya pwani yetu? Mchwa hula karatasi. Uchakavu wa mitambo nao hula picha. Ndiyo maana nakala hazina budi kuwekwa mahali kadhaa palipo mbalimbali: moja ikae karibu na wenye miswada, nyingine Nairobi, na nyingine ughaibuni. Zote zikaguliwe kila mara, na kuhamishiwa katika vyombo vipya kabla vya zamani havijaharibika.

Jambo la pili ni orodha. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Picha isiyoeleza mtunzi, mnakili, mwaka, mahali na mwenye mswada ni sawa na kitabu kilichotupwa ghalani. Familia zilizoitunza miswada hii masandukuni kwa vizazi ziombwe idhini, na haki yao iandikwe waziwazi katika daftari hilo.

La tatu, nalo ndilo zito zaidi, ni wasomaji. Alama za irabu za Kiarabu ni tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo, katika tahajia ya kale, neno "koko" laweza kuandikwa sawasawa na "kuku". Mashine haitaamua peke yake lipi ni lipi. Yahitaji kufunzwa na mtu ajuaye lugha, lahaja na bahari za ushairi. Wazee wenye ujuzi huo wanazidi kupungua.

Vyuo vyetu vinavyofundisha fasihi ya Kiswahili viyafundishe maandishi hayo pia. Tukinunua mitambo tukasahau wasomaji, tutawarithisha wajukuu wetu picha nzuri za maneno wasiyoweza kuyasoma.