Daktari yumo simuni, lakini simu ni ya nani?

Msomaji mpendwa, je, nyumbani kwako yuko mtu aliyepasuliwa moyo? Kama yuko, niazime dakika chache kabla hujageuza ukurasa kutafuta fumbo la maneno. Kama hayuko, soma vivyo hivyo. Maradhi hayabishi hodi.

Nina jirani hapa Machakos, mama wa makamo, aliyerudi kutoka Nairobi na vali mpya ya chuma na mshono mrefu kifuani. Chanzo chake ni cha zamani: koo lililouma utotoni bila kutibiwa, kisha homa ya baridi yabisi ikaenda kutafuna vali za moyo. Wengi katika nchi zetu hizi huharibikiwa na moyo kwa njia hiyo, tena wakiwa vijana.

Siku ya kuruhusiwa aliambiwa mambo mawili yaliyomchanganya. Asiinue mtungi wa maji mpaka mfupa wa kifua uungane, kazi ya miezi miwili au mitatu. Papo hapo, atembee kila siku. "Mwanangu," aliniuliza, "nimepasuliwa kama kuku wa Krismasi, halafu niende matembezi?"

Kwa kuwa Nairobi ni zaidi ya kilomita 60 na nauli si mchanga, mtaalamu wa viungo alijitolea kumwongoza kwa simu: mazoezi kwa video mara moja kwa wiki, na ujumbe kila jioni kueleza ametembea kiasi gani. Mama akajibu, "Sawa, daktari." Nawe msomaji unaijua "sawa" ile. Wiki tatu zikapita bila hatua moja.

Watu wa nyumbani walisema ni mkaidi. Mimi nilikwenda nikaketi naye, tukanywa chai, nikagundua si ukaidi hata kidogo. Simu ya kupapasa si yake, ni ya kijana wake wa chuo, ambaye hurudi jioni betri imekufa na bando limekwisha kwa mambo yake. Tena video ilimtaka asimame sebuleni ainue mikono mbele ya wajukuu na wageni, naye kovu lenyewe bado hajalizoea. Na ile namba ngeni iliyokuwa ikipiga? Hakuipokea. Aliwahi kuliwa pesa na matapeli wa simu, akaapa. Sasa niambie, hapo nani amekataa matibabu?

Usidhani mazoezi haya ya nyumbani ni matibabu ya maskini. Wenzetu wa ng'ambo wameyapima miaka mingi. Mapitio ya Cochrane ya 2017 yalionyesha kwamba wagonjwa wa moyo wanaofanya mazoezi nyumbani kwa mpango hawapitwi na wanaoyafanya hospitalini. Hapa kwetu pia, Eldoret, mazoezi ya nyumbani yamejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi.

Yenyewe si ya kuruka wala kutoka jasho jingi. Daktari akisharuhusu, mgonjwa huanza na dakika chache mahali tambarare, akiongeza kidogo kidogo hadi afikishe nusu saa. Kipimo ni mdomo wake: akitembea aweze kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi akiwa ameketi, mshono kutoa usaha, miguu kuvimba ghafla: hayo si ya kutumia ujumbe ukangoja kesho, ni ya kukimbilia hospitali.

Kuna mambo ambayo simu haiyawezi, na atakayekwambia inaweza usimsadiki. Mwenye vali ya chuma hunywa dawa ya warfarini maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe maabara. Hata mboga za kunde na sukuma wiki asizile kwa pupa leo na kuziacha kesho, maana zinaichezea dawa hiyo. Na aliyeugua baridi yabisi akiandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, asiikatishe ati kwa kuwa vali ni mpya.

Basi tulifanya nini? Video tuliiacha kwanza. Namba ya mtaalamu iliandikwa kwenye simu ndogo ya mama mwenyewe, ile ya tochi, kwa jina analolijua. Akawa anapigiwa siku moja, saa moja isiyobadilika. Mjukuu wa darasa la sita akapewa kazi ya kuhesabu dakika na kumsemesha bibi njiani, kazi ambayo kijana anaipenda kupita hesabu za shuleni.

Wiki ya nne ya mpango huo mama aliingia chumbani, akafunga mlango, akamwita kijana wa chuo alete simu kubwa. "Na uiweke chaji," alisema. "Leo nataka daktari anione ninavyoinua mikono."