Simba wa Sinema na Simba Mwene wa Vuga



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikaa na wapwa zangu watatu hapa Lushoto, tukatazama sinema ya The Lion King iliyotoka mwaka 2019. Ilipokwisha nikawaambia, "Haya, nisimulieni kisa chake." Wa kwanza akasema, "Mjomba, uliyaona manyoya?" Wa pili akasema, "Na vumbi, kama la kweli!" Wa tatu alinyamaza. Kisa hakuna aliyekisimulia.

Sikuwalaumu. Kwa macho, ile ni kazi kubwa. Iligharimu takriban dola milioni 250. Watengenezaji walifika Kenya kuitazama nyika na wanyama wake, kisha karibu kila kitu kikaundwa kwa kompyuta. Anayesema picha zake ni mbaya hasemi kweli.

Lakini kisa? Ni kile kile cha katuni ya mwaka 1994, kilichorefushwa kwa nusu saa bila jambo kubwa jipya. Tena kimepungukiwa. Katika katuni, Simba mdogo anapofiwa na baba yake, huzuni unaiona usoni mwake. Katika hii mpya wametaka awe kama simba wa mbugani, basi akifurahi uso ni ule ule, akifiwa ni ule ule. Utaniambia iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Ni kweli, lakini wingi wa wanunuzi si ushahidi wa utamu. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, na sarabi ni mazigazi: mwenye kiu huyaona kwa mbali akadhani ni maji.

Kisa kizuri kikoje? Sisi wanafunzi wa madrasa tunacho kipimo. Itazame Surat Yusuf. Kanzu inakuja katika matukio matatu: yenye damu ya uongo, iliyochanwa kwa nyuma, na ile iliyomrudishia mzee Yaaqub macho yake. Kila mara kanzu ina kazi, haikuwekwa kwa pambo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Wapwa zangu ni watoto wa Usambara, nchi ambayo mfalme wake aliitwa Simba Mwene. Nikawauliza habari za Mbegha, hawakujua hata mmoja. Basi nikawasimulia. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Utotoni meno yake ya juu yalitangulia kuota, jamaa wakamhesabu kigego mwenye kisirani, wakamnyima urithi. Akaja milimani kwetu na mbwa wake, akiua nguruwe mwitu walioharibu mashamba, akiwagawia watu nyama nao wakimpa chakula. Akiwa njiani kuelekea Vuga, usiku mmoja akamuua simba. Watu wakamfanya mfalme.

Yule aliyenyamaza ndiye aliyeuliza kwanza: "Mjomba, kwani meno yana kosa gani?" Hapo nikajua kisa kimefika. Tukazungumza mpaka usiku juu ya ubaya wa kuamini kisirani, jambo ambalo dini yetu imelikataza, na juu ya urithi wa yatima.

Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Mwislamu mwenzetu, Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja wa Mazinde. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa upya Nairobi mwaka 1962. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kalamu, na masikio ya kuwasikiliza wazee.

Sisemi msitazame sinema. Hukumu yake waulizeni masheikh. Ninachosema ni kwamba tusivutiwe na ngozi tukasahau kuuliza kama ndani mna moyo. Na wewe mwanafunzi, kabla shule hazijafunguliwa, nenda kwa bibi au babu yako ukamwombe kisa kimoja tu, ukiandike katika daftari lako. Mzee akishazikwa, hakuna fedha itakayokirudisha.

Wabillahi tawfiq.